Daftari la Visogo

Tarehe 4 Machi

Kaka,

Shikamoo. Huku sote wazima, ila drayeri moja ya saluni ndiyo mgonjwa: inapuliza baridi huku ikinguruma kama mzee aliyekatizwa usingizi. Mama anakusalimu. Anauliza kama unakula, maana katika ile picha uliyotuma shingo imekuwa nyembamba kama mpini wa brashi.

Nina habari, nayo nimeitafuna wiki nzima kabla ya kuiandika. Nataka kuomba nafasi chuoni kwenu. Haya, nimesema. Mama sijamwambia, anadhani ile fomu ni ya mitihani. Wanataka kazi ishirini, ziwafikie kabla ya tarehe 30 Juni. Na kazi zangu zote za maana, Kaka, zimo katika lile daftari jeusi ulilolichukua wakati wa likizo, uliposema utawaonyesha wenzako. Ni miaka miwili ya visogo vya wateja wa Mama. Naomba unirudishie. Haraka si kubwa, lakini ipo.

Studio yangu ni ileile: kigoda kando ya sinki, taulo mbichi mgongoni, na penseli ninayoificha ndani ya soksi mteja akigeuka. Wewe je? Unaanza kazi saa ngapi? Unaanza na nini? Fomu inauliza ni msanii gani aliyeniathiri kuliko wote. Nimekuandika wewe. Usicheke.

Mdogo wako,
Kimya


Tarehe 19 Machi

Kimya mdogo wangu,

Marahaba, tena marahaba mbili. Mimi mzima, na shingo ni ileile. Mwambie Shangazi ni mwanga tu wa picha.

Chuo! Nani angedhani? Wewe ambaye fundi wa maji akija unahamia uani mpaka aondoke. Nimefurahi.

Huku tumepanga chumba watatu, ghorofani, juu ya karakana ya seremala. Kuna mchonga mbao ambaye hasemi na mtu kabla ya saa nne, na dada mmoja wa kuchapa picha ambaye hata mkate wake unanuka wino. Mimi nafika mapema, nafagia, kisha nakaa mbele ya turubai tupu mpaka chai ipoe mkononi. Mwalimu wetu anasema kila msanii awe na swali lake moja. Mimi langu nimelipata, ila silitaji sasa nisilitie gundu. Utaliona. Walioniathiri ni wengi, wamo katika vitabu vya maktaba, vizito hivyo, ukikiangusha kimoja seremala wa chini anagonga dari.

Daftari lipo salama. Limefunikwa na vitu, nikipata nafasi nitalichimbua. Ila chukua ushauri wa kaka yako: usitegemee kazi za zamani. Chora viatu, chora matunda, chora mtaa. Chuo kinapenda mtu mwenye upana.

Kaka yako


Tarehe 2 Mei

Kaka,

Shikamoo, naiandika kwa sababu nimelelewa. Mama hajambo.

Jana alikuja mteja wetu yule karani wa benki, tunayemwita Bi Kengele. Alikuwa safarini huko kwenu, mvua ikamkuta njiani, akaingia kwenye jengo la maonyesho kujikinga. Akatoa kijitabu mkobani.

"Mama Kimya, huyu si mtoto wa kaka yako?"

"Ndiye! Soma, soma!"

Kimeandikwa kwa ile lugha ya shuleni, basi nikaamriwa niwasomee nikifasiri. Mimi! Mbele ya wanawake watano wenye povu kichwani.

Maonyesho yanaitwa Visogo. Nikafunua. Mwalimu wa hesabu, mikunjo yake mitatu ya shingo. Yule mtoto anayelia akisukwa, masikio yamempanda. Muuza vitambaa na hereni moja. Umevipaka rangi ya mafuta, umevikuza kama milango, lakini ni vyangu, Kaka, mpaka ile pini ya nywele ambayo sikuimaliza. Mwandishi wa kijitabu amesifu "ujasiri wa kuiacha pini hewani". Ujasiri gani? Mteja aliinuka akawahi kazini!

Halafu yakafuata mazungumzo yako na mwandishi. Wanakuuliza unafanyaje kazi. Unajibu: "Nilijifungia miezi sita peke yangu nikitafuta njia yangu." Wanakuuliza nani amekuathiri. Unataja wachoraji wanne, wote wamekufa, wote wa mbali. Mama hukumtaja, wala saluni. Mimi nilijua simo kabla sijafika mwisho, lakini nilisoma mpaka jina la mpiga chapa.

"Mbona umenyamaza? Endelea bwana, utamu umefika!" akasema Bi Kengele.

Nikasema maji yanafurika, nikakimbilia sinki. Halikuwa na hata tone.

Unielewe vizuri. Nikipeleka visogo vyangu mwezi wa sita, kwa mwalimu yuleyule ambaye kijitabu kinasema alivipigia makofi vyako, mimi ndiye nitakayeitwa mwizi. Binamu wa kijijini kwao, ameona mwenzake amefaulu, ameiga. Ulilijua hilo uliponiambia nichore viatu. Ulinivisha kilemba cha ukoka, "nani angedhani", "nimefurahi", huku daftari langu liko wazi mezani kwako!

Nataka mawili. Mwambie mwalimu wako ukweli, na unirudishie daftari. Kwenye fomu nimekufuta. Kalamu imetoboa karatasi.

Kimya, ambaye bado ni mdogo wako


Tarehe 11 Mei

Kimya,

Salamu. Nasikitika kusema barua yako imeniuma. Sikutarajia ukali huo kutoka kwako.

Acha nikueleze mambo yanavyokwenda, kwa kuwa bado hujafundishwa. Kisogo hakina mwenyewe. Kila mtu anacho. Sanaa haianzi na kitu, inaanza na jinsi ya kukitazama, na ukubwa ule ni wangu, rangi zile ni zangu, usiku na mchana niliokesha ni wangu. Daftari lako lilinikumbusha tu nyumbani. Wakati nachora sikulifungua hata mara moja.

Umesahau kwamba nimekulia katika saluni ile? Miaka sita nimefagia nywele pale, nikisimama nyuma ya Shangazi, wewe ukiwa bado unatambaa. Picha yake ndiyo kubwa kuliko zote na ndiyo iliyopata tuzo. Nimemchora kwa kumbukumbu, kwa mapenzi, tena machozi yakinitoka. Leo uniambie sina haki ya kumkumbuka shangazi yangu?

Tafadhali usimpelekee maneno haya. Ana presha.

Kaka yako anayekupenda


Tarehe 15 Mei

Kaka,

Shikamoo. Mama hana presha. Alipimwa Jumanne. Mwenye presha ni wewe.

Nimemwambia. Kabla sijakueleza alivyosema, nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu, kwa kuwa ni la aibu. Mimi siwezi kumtazama mtu ajue namtazama. Nikijaribu shingo inawaka moto. Kwa hiyo pale kwenye kigoda huwa siwaangalii wateja kabisa. Naangalia kile kioo cha ukuta wa nyuma, kile wanachojitazamia nywele za kisogoni. Juu yake kuna saa ya ukutani, basi wanadhani nahesabu dakika za kutoka. Visogo vyote vya daftari lile nimevichora kutoka kiooni. Vyote vimegeuka. Kushoto ni kulia, kulia ni kushoto. Sikurekebisha kwa sababu nachora ninachokiona.

Sasa sikia. Nilimfunulia Mama ukurasa wa kijitabu wenye picha yake. Akafuta mikono, akavaa miwani, akaangalia mpaka mteja akaanza kukohoa.

"Huyu nani?"

"Ni wewe, Mama."

"Mimi?" Akashika shingo chini ya sikio la kushoto. "Kovu langu liko huku. Nilijichoma na chanuo la moto siku ya tatu ya kujifunza kazi, bosi wangu akanicheka mpaka jioni. Yeye kalichukua, kalihamishia kulia."

"Amesema amekuchora kwa kumbukumbu."

"Kumbukumbu ya nani? Amefagia nyuma yangu miaka sita. Kama hajui kovu langu lilipo, alikuwa anafagia nini?"

Ikabidi nimweleze kioo. Akavua miwani, akasema, "Kumbe miaka miwili yote unanichora." Nikajua nimekwisha. Akasema, "Na hukuniambia hata nichane nywele za nyuma?"

Kaka, ungekuwa unamkumbuka Mama, kovu lingekaa mahali pake. Machozi unasema yalikutoka. Yalikutoka ukiangalia karatasi yangu. Hilo ndilo linalonipandisha damu kuliko tuzo, kuliko pini: umechukua mchoro wangu ukasema ni mapenzi yako.

Ulinikumbusha kwamba sijafundishwa. Sawa. Lakini nafahamu kwamba mtu akikaa kwenye kiti cha Mama kwa saa tatu, mgongo unamuuma, anasimulia mumewe, anasimulia mkwe, kisogo chake si cha kila mtu. Mwalimu wa hesabu ile mikunjo ameipata kwa kuinamia madaftari ya watu. Ungemuuliza angekuambia. Wewe hukumuuliza, na mimi sikumuuliza pia, hiyo naikubali ni dhambi yangu. Lakini mimi nilikuwepo.

Bado nataka yale mawili. Zimebaki wiki sita.

Kimya


Tarehe 16 Juni

Kimya,

Samahani kwa kuchelewa, kazi zimenizidi. Daftari lako hili hapa, nimempa dereva wa mizigo alilete mpaka mlangoni. Limechafuka kidogo njiani, unajua mizigo inavyobanana. Kuhusu mwalimu, maonyesho yameongezewa muda na huu si wakati wake. Ukija chuoni nitakutambulisha kwa watu. Naweza hata kusema ulikuwa msaidizi wangu.

Nadhani sasa yaishe. Sisi ni ndugu.

Kaka yako


Tarehe 1 Julai

Kwako wewe,

Shikamoo. Mama mzima.

Daftari lilifika tarehe 18. Nililifungua nikiwa nimesimama, nikakaa chini. Ukurasa wa Mama ni wingu la kijivu. Wa mwalimu ni wingu. Wa mtoto limebaki sikio. Nikasema basi ni njia, ni mizigo, kama ulivyoandika. Kisha nikaona makombo ya ufutio yamejaa kwenye mshono, katikati ya kurasa. Mizigo haina ufutio.

Nikalipeleka dirishani, nikaliinamisha kwenye mwanga. Miraba. Ulipiga miraba juu ya shingo ya mama yangu, sentimita mbili kwa mbili, kwa rula, kama mtu anayekuza ramani ya kiwanja. Ndivyo ulivyovipandisha mpaka turubaini. "Sikulifungua hata mara moja!" Halafu ulipoona binti mwoga hanyamazi, ukakaa ukafuta. Ila ulikuwa umetumia penseli ngumu, ukakandamiza, mistari yako imekwama ndani ya karatasi. Penseli yangu laini ndiyo iliyotoka. Ulitaka kujifuta wewe, ukamfuta Mama. Miaka miwili yangu umeimaliza labda kwa jioni moja, na ukaniandikia "limechafuka kidogo".

Sikulia. Nilitaka kuvunja kitu, lakini vitu vyote mle saluni ni vya Mama.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili na sina hata kazi moja. Nikamwonyesha Mama daftari, nikamwonyesha na fomu, kwamba si ya mitihani. Alikwenda akaandika karatasi, akaibandika mlangoni: LEO HATUSUKI, TUNACHORA WATU. INGIA UKAE. Nikamwambia, "Mama, sitaweza, wataniangalia." Akasema, "Na wewe waangalie. Macho unayo mawili kama wao."

Wa kwanza alikuwa Bi Kengele.

"Nichore, lakini pua unipunguzie."

"Siwezi kupunguza." Hiyo sauti ilikuwa yangu. Nilishangaa mwenyewe.

"Heh! Kimya ana mdomo! Basi nichore na pua yangu, nani ataogopa?"

Hakuweza kufunga mdomo dakika moja. Nimemchora mara tatu, mara zote mdomo unaongea. Mwalimu wa hesabu alikuja na madaftari ya kusahihisha, nikamwuliza kama anaruhusu mikunjo, akasema mikunjo hiyo ina mishahara ishirini na minane ya Desemba ndani yake, nisiache hata mmoja. Mama alikaa wa mwisho. Uso kwa uso, mita moja, mchana kweupe. Nikamwambia naogopa. Akasema, "Chora hivyohivyo." Michoro mingine ni mibaya, naijua. Magoti ya yule muuza vitambaa yanafanana na viazi. Lakini kila mmoja alijua anachorwa, na kila mmoja ameandika jina lake chini kwa mkono wake.

Kazi zimefika chuoni tarehe 28. Nyuso ishirini. Ya ishirini na moja ni daftari. Nimeambatanisha barua kwa mwalimu wako, kurasa mbili, kwa lugha ya shuleni. Sikukutukana. Nimeandika tarehe, nimeandika kioo, nimeandika kovu, nikamwomba alipeleke daftari dirishani aliinamishe kwenye mwanga, kisha apime miraba na turubai zako. Yeye ni mwalimu, ataelewa haraka kuliko mimi.

Labda watanikataa. Labda watasema ukoo huu wote ni wa vurugu, watutoe nje sote wawili. Nimelifikiria hilo na bado nimepeleka.

Atakuita. Mjibu yeye kwanza, mimi usiniandikie kabla. Na akikuuliza kama nilikuwa msaidizi wako, ufikirie sana kabla hujafungua kinywa.

Mama amesimama hapa nyuma yangu, anasema niandike kwamba mlango wa saluni uko wazi kwako siku yoyote, uje ule, ufagie kama zamani, yatazungumzwa. Nimeandika kwa kuwa ameniagiza.

Hayo ni maneno yake.

Binti wa shangazi yako