Waya wa Kurudi

Mjukuu wangu Zuhura, mke mwenzangu uliye Mwanza,

Marahaba. Hapa Mapinga hatujambo, na mbuzi wako amezaa pacha.

Unauliza marehemu babu yako angefanyaje: ukikanyaga breki za lori lako, taa za tela zinafifia na indiketa zinawaka bila kuwashwa. Hayo niliyaona Chalinze, tukiwa tumeoana karibuni. Yeye alikuwa kwenye usukani akikanyaga, mimi nimesimama nyuma ya tela.

"Vipi huko?"

"Zinasinzia!"

Akashuka anacheka. Kumbe alitegemea chuma kinachoshika tela kirudishe umeme kwenye lori, nacho kimeshika kutu. "Umeme ukienda, lazima uwe na njia yake ya kurudi," akasema, akavuta waya wa peke yake kutoka kwenye taa hadi kwenye betri.

"Vipi sasa?"

"Zimewaka!"

Tangu tumzike, hakuna aliyeniuliza tena "Vipi huko?" Juzi lori lilifunga breki hapa barabarani, taa zikang'aa nyekundu, nikajikuta nimepaza sauti: "Zimewaka!" Wapita njia wakageuka kunitazama.

Idi ukija, uje na lori lako. Wewe ukanyage breki, mimi nitasimama nyuma.

Bibi yako