Uzi Mwekundu kwenye Rozari Yako, Shemeji

Shemeji Projesti,

Shikamoo. Nimeandika shikamoo halafu nikaweka kalamu chini, kana kwamba utaitikia "marahaba, mwizi wa dada yangu," kama ulivyozoea kunichokoza mbele ya watu. Basi naendelea.

Lile gari letu ulilokuwa ukilitengeneza limeshuka kutoka kwenye mawe. Nimetaka uanze kulijua hilo, kwa sababu mengine niliyonayo si mazuri.

Unakumbuka ulivyoliacha hapa uani kwetu Kituntu, upande wa kulia umeinuliwa kwa mawe, tairi imelazwa kando. Ule mpira wa mikunjo unaofunika mkono wa steringi ulikuwa umepasuka tangu kiangazi. Wewe ukaufunga kwa maganda makavu ya mgomba, ukasema, "Hii ndiyo spea ya Karagwe, haina feki." Dada yako Paskazia alicheka mpaka akashika mgongo wake unaomuuma. Lakini mvua zilipokaribia ulibadilika. Ukaniambia pembeni kwamba maganda hayazuii matope, matope yakiingia kwenye chuma steringi inakufa, na dada yako asipofika kliniki tutajuta. Ukalala chini ya gari asubuhi ile ile.

Nilikuwa nakushikia spana. Ulipofika kwenye tairodi, ule mwisho wa mkono unaoshika tairi, ukasema kuifungua si kazi, kazi ni kuirudisha pale pale ilipokuwa, la sivyo gari litavuta upande. Ukatoa rozari mfukoni. Kila ulipoizungusha mara moja, Salamu Maria moja, punje moja. Ilipotoka yote ukachomoa uzi mwekundu kwenye sweta lako, ukaufunga kwenye punje uliyofikia. "Mafundi wa mjini wanapaka rangi," ukasema. "Mimi hesabu yangu anaishika Mama Maria." Ukauchana mpira wa zamani, ukautupa. Mpya ungeufuata kesho yake dukani Omurushaka.

Kesho yake hukuamka. Presha, walisema.

Tukakuzika Igurwa, kwenye migomba ya baba yenu. Paskazia mwenyewe ndiye aliyekuvalisha, ndiye aliyekuzungushia rozari vidoleni kama tunavyowafanyia wetu wote. Nilikuwa nimesimama pale pale, waitu, ndugu yetu, nikitazama uso wako. Mikono yako sikuitazama.

Kwenu, kazi aliyoiacha marehemu haiguswi mpaka matanga yaondolewe. Hilo niliheshimu. Lakini matanga yalipoondolewa dada yako akaongeza la kwake: "Asiguse mtu spana ya kaka yangu." Spana ikabaki chini pale ulipoiweka, majani yakaizunguka. Mvua zikaanza. Nilifunika ule mkono wa steringi kwa kiroba, upepo ukakichukua, nikafunika tena. Kila nikitoka na kiroba alikuwa ananitazama dirishani kama mtu anayemwona mgeni anaingia chumbani kwa mgonjwa. Ningefanyaje? Ile ndiyo kazi ya mwisho ya mikono yako, na yeye alikuwa anailinda.

Na kliniki zikawa zinapita. Pikipiki hawezi, unajua, kila jiwe linampanda uti wa mgongo. Tulikodi gari, dereva akakimbiza kwenye makorongo kama anabeba ndizi. Paskazia alirudi analia, akasema bora afie kitandani kwake. Siku hizi kutoka kitandani hadi mlangoni anashika ukuta.

Ndipo asubuhi moja akaniambia, "Baba Koku, maliza kazi ya kaka."

Shemeji, nilifurahi. Nilienda mwenyewe kufuata mpira, nikarudi nao kifuani ndani ya koti. Nikasugua kile chuma kwa kitambaa, kutu ikatoka, nyingine haikutoka. Nikapaka grisi, nikauvisha mpira polepole, mikunjo yake imekaa vizuri kama shingo ya kobe, nikabana klipu mbili, kubwa na ndogo. Ungenisifu. Nikachukua tairodi niirudishe. Nikaanza, "Salamu Maria, umejaa neema," nikazungusha. Nikaendelea. Halafu mkono ukasimama wenyewe. Niishie wapi?

Nikatoka chini ya gari nimejaa udongo, nikaenda mlangoni kwa Paskazia. Nikamuuliza kama aliona uzi kwenye rozari yako.

"Mwekundu," akasema. "Niliuona."

"Ulikuwa kwenye punje ya ngapi?"

"Sikuhesabu. Nilidhani ni nadhiri yake. Nikaubusu."

Nikamweleza. Akacheka. Hakuwa amecheka tangu tukuzike. "Kaka na mambo yake," akasema, "amekwenda nayo hesabu ya gari." Kile kicheko hakikuisha kama kicheko. Nikakaa naye mpaka kikatulia.

Nilirudisha tairodi kwa kukisia. Nilisali tu nikizungusha, mpaka macho yakaniambia tairi zimenyooka. Hazikunyooka. Gari linavuta kushoto kama ng'ombe aliyeona majani. Na hilo lingekuwa dogo. Ukikata kona steringi inagonga ndani, kavu, kama kitu kinauma meno. Nikamwita fundi wa Omurushaka, akalala chini, akatoka, akafuta mikono bila haraka. "Mzee, huu mpira umefungwa vizuri sana," akasema. "Lakini umeuvalisha maiti." Anasema kutu imeshaula mkono wa steringi, wote ni wa kubadilisha, wa gari la zamani hivi yeye hajauona dukani siku nyingi, na barabara ya hospitali na ile miteremko yake nisithubutu.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeandaa maneno mengi ya kumwambia. Paskazia hakunisubiri. "Hospitali sitaki tena," akasema. "Linaweza kufika Igurwa?"

Nikasema linaweza.

Basi Jumapili baada ya Misa ndio sisi uliotusikia, kama huko mliko mnasikia. Nilikwenda mwendo wa mtu anayetembea, usukani nimeushika kulia njia nzima mpaka mabega yakafa ganzi. Yeye kaegemea mito. Tulipofika kwenye kona ya mikaratusi, pale ambapo siku zote alikuwa ananyoosha mkono mbele yangu na kubonyeza honi ili uwaambie watoto wako waweke chai, akaunyoosha. Akabonyeza. Fupi, vile vile. Kisha akaukunja mkono haraka kama ameungua.

Kaburini hakuweza kushuka. Nilimfungulia mlango, akaongea nawe akiwa amekaa garini, nami nikasogea kwenye migomba nisisikie. Nilijaribu kusali. Shemeji, nimekuwa nikisali tangu utoto, lakini siku hizi sijui niombe nini. Nikiomba apone naona kama nambishia Mungu. Nikiomba apumzike ulimi unakataa. Nasema Salamu Maria tu, moja baada ya nyingine, kama pale chini ya gari, sijui niishie wapi.

Lala salama, shemeji. Mungu akuweke penye mwanga. Ile rozari kaa nayo, uzi usiufungue.

Ahadi yangu ni hii. Kila Jumapili ambayo Paskazia ataweza kukaa, nitamleta, hata steringi igonge namna gani. Na honi ile ni yake. Mimi sitaigusa, hata siku moja. Kwa hiyo ukisikia honi kwenye mikaratusi, jua tuko wawili. Siku gari litakapoipita ile kona kimya, usiniulize kitu. Nipokee tu.

Shemeji yako,
Baba Koku