Nani Alifagia Lile Kanisa la Chuo

Baba Furaha,

Wewe ni mtu mbaya. Miaka zaidi ya hamsini tumelala kitanda kimoja, nimekupikia, nimekuzalia watoto watano na wawili tumewazika pamoja, halafu neno kubwa kama lile unakwenda kumwambia muuza maharagwe, mimi mkeo unaniacha nikae kama mjinga. Ungekuwa hai ningekunyima chakula siku mbili. Sasa umejificha chini ya udongo wa Waingereza, sina la kukufanya ila kukuandikia. Mwandiko wangu unaujua, ni wa darasa la nne. Usicheke.

Kaburi lako mpaka leo lina kile kibao cha mti walichokiweka siku ya maziko. Jiwe bado. Mwanao Furaha amenisumbua kila Jumapili, Mama, tuandike jina gani, nami namjibu vibaya kwa sababu jibu sina. Ulibatizwa Gervasi. Rais wetu kule nyumbani alipokataza majina ya ubatizo, ati ni ya Kizungu, ukawa Namegabe, sawa, nani hakubadilisha? Lakini majina yaliporuhusiwa tena sisi wengine tuliyarudia, wewe ukakataa. Padri akikuita Gervasi unatazama pembeni kana kwamba anaitwa mtu mwingine.

Na sababu niliijua. Watu wa chama walipokuja shuleni kwenu, kila mwalimu aliinua mkono akaapa, na wewe ukaapa. Kisha ukapanda juu ya kiti, ukatoa msalaba ukutani mwa darasa lako, ukatundika picha ya Rais palepale kwenye msumari uleule. Waliamuru msalaba uchomwe. Ulirudi nyumbani ukasema umechomwa, ukaomba maji ya kunawa. Tangu siku hiyo komunio hukupokea tena. Hata hapa London, mimi ndani ya kanisa, wewe kwenye benchi la nje karibu na mapipa ya taka, mvua inakunyeshea na kofia yako. Nilipokuchosha sana kwa maswali ulinijibu mara moja tu katika maisha yako yote: "Mkono huu ndio ulioutoa." Ukarudia chai yako.

Nami, Mungu anisamehe, tukigombana nilikuita mchoma msalaba. Mbele ya watoto. Uliponifia, nilichokuwa nikifikiri usiku na mchana ni hicho tu: amekwenda na jina hilo nililompa mimi.

Sasa sikia habari za Neema. Mjukuu wako huyo, unajua, ukimsemesha Kiswahili anaelewa kila kitu anakujibu Kiingereza. Baada ya maziko aliniona nimekonda, akaja kunichukua kwa basi mpaka kwenye chuo chake kile cha zamani, anakosoma mambo ya wafalme. Tulipita kwenye majani wasiyoruhusu watu kuyakanyaga. Majani! Akanipeleka kwenye kanisa la chuo, akaniketisha, akaanza kunieleza.

Mfalme mmoja aligombana na Papa kwa ajili ya mwanamke, akalichukua kanisa akalifanya lake. Akafa. Mwanawe alikuwa mtoto, wakubwa wake wakaamuru altare zivunjwe na sanamu zitolewe. Akafa naye. Akaja dada yake akarudisha misa na kuchoma watu. Akafa. Akaja dada wa pili akageuza tena. Na kila mara walimu wa chuo walipangwa wakaapishwa upya. Aliyekataa alifukuzwa, au alikimbilia ng'ambo, au alichomwa moto barabarani. Aliyeapa alibaki na chumba chake na vitabu vyake. Nikamwambia Neema, mwanangu, hayo hujanifundisha kitu, hayo nimeyaishi, tena sisi watu wa chama walituchezesha na ngoma.

Ukutani mle kuna vishimo vingi virefu, safu juu ya safu, kila kimoja kilikuwa na mtakatifu wake. Vyote vitupu. Sasa mimi nimesafisha maofisi ya mji huu miaka kumi na tisa, nikiona mahali patupu nauliza aliyepasafisha. Nikamuuliza: Waliovunja nimewasikia. Walioamuru nimewasikia. Nani alifagia?

Alicheka. Kisha akavitazama tena vile vishimo. Akasema, Nyanya, hilo hakuna mwalimu aliyewahi kuniuliza.

Mtoto huyo hana mchezo, amekurithi wewe. Alikwenda akachimba kwenye makaratasi yao ya zamani, akanipigia simu baada ya wiki tatu, anaongea haraka mpaka nikamwambia ameze mate kwanza. Kulikuwa na mtumishi wa kanisa la chuo. Aliamriwa akusanye sanamu za mbao akazichome uani. Moshi ulionekana. Lakini malkia yule wa misa aliposhika ufalme, sanamu nne zikatoka kwenye nyasi za banda la farasi, nzima, hata rangi hazijabanduka. Nikamuuliza mtumishi huyo aliitwa nani. Akasema karatasi haikuandika jina. Mtumishi, basi.

Siku ya kuondoa matanga yako ilichelewa mpaka mwezi wa tatu kwa sababu ya ukumbi. Watu walijaa. Sombe yetu ya majani ya muhogo ilikwisha mapema, mkwe wako alipima kwa kijiko cha chai, nimeshamwambia. Baada ya sala wazee wakaanza kukusema, na kama kawaida wakapita mbali na ile habari ya msalaba, kila mtu anatazama viatu vyake. Ndipo Neema akasimama. Kwa Kiswahili, Baba Furaha! Kibovu, lakini Kiswahili. Akauliza: "Babu alitoa msalaba. Aliuweka wapi?"

Nilitaka ardhi inimeze. Nilimvuta sketi akae.

Basi akainuka Mama Bahati, yule anayetunza wazee huko Tooting, ambaye ulimfundisha kusoma. Akasema mwalimu alikuja kwao jioni ile, koti limefungwa vifungo vyote na jua linawaka. Akamwomba mama yake, yule muuza maharagwe, auweke msalaba ndani ya gunia la maharagwe ya mbegu, kwa kuwa mbegu hazipikwi. Ulichochoma ni mguu wa kiti. Na shule ziliporudishwa kwa mapadri, mama yule aliupeleka mwenyewe ukatundikwa, wakati sisi tulikuwa tumeshahamia mjini. Halafu Mama Bahati akanitazama, akaomba radhi, akasema mwalimu aliacha sharti moja: "Mke wangu asijue. Ana moyo safi, lakini mdomo wake hauna mlango."

Ukumbi mzima ulikufa kwa kicheko. Padri naye. Nilikwenda jikoni nikaosha sahani zilizokwisha kuoshwa.

Nimekukasirikia wiki nzima. Kisha nikakubali, ulisema kweli. Wakati ule ningemwambia dada yangu kabla sufuria haijachemka, na wewe ungeozea gerezani. Lakini hapa London, nani angekufunga? Neema anasema pengine uliona kuficha mti hakufuti kiapo. Labda. Ulikuwa mtu wa kujihesabia makosa yako peke yako, hukumwachia hata Mungu nafasi. Nilimuuliza padri. Akasema angejua, angekuletea komunio kwenye benchi lako la mvua.

Ninalala sasa. Nala vizuri. Niliuliza habari za vumbi la Waingereza, la nyumbani kwangu sikuuliza, nilitukana tu. Kwa hilo nisamehe. Na wewe la kuniacha nikutukane bure nimekusamehe, ingawa bado lina uchungu.

Yule mtumishi wa chuo hakuandikwa jina. Wangu ataandikwa. Nimemwambia Furaha: Gervasi Namegabe, Mwalimu, herufi kubwa, za kuchongwa, si za rangi. Jiwe linawekwa mwezi ujao, na kila Jumapili baada ya misa nitakuja kulifuta kwa mkono wangu, maana vijana hawa hawajui kusafisha.

Kwaheri, mume wangu. Huko uliko hakuna benchi la nje. Wakikuita Gervasi, usitazame pembeni. Itika, vua kofia, uingie ndani.