Nyuso Nilizopewa Amana

Jumatatu, 6 Oktoba

Maharusi wawili leo. Wa asubuhi hina nyekundu tu, mikono mpaka viwiko. Wa mchana Swafiya, anaolewa Jumamosi. Huyu nilimjaribia mapambo kamili, nywele wazi, gauni la usiku wa kupamba. Nikampiga picha kumi na nne nipate kuona cha kurekebisha. Kisha akavaa buibui lake, tukaanza kumchora miguu kwa piko, ile hina nyeusi.

Vidole vyangu vimejaa piko, simu yangu ikalia. Mwanamke, salamu ndefu za adabu, sauti ya mtu wa kwetu. Kasema ni wa ukumbi wa Jumamosi. Usiku wa kupamba simu zote hukusanywa mlangoni, asipatikane wa kupiga picha wanawake waliojifunua. Lakini mpambaji sasa atasajiliwa, yake iruhusiwe. "Utapata namba kwa ujumbe, mamangu. Nisomee." Mikono yangu imejaa. Swafiya akanishikia simu, akamsomea tarakimu sita.

Nikashukuru. Nikasema moyoni, hatimaye ukumbi unaojua kazi.

Jumanne, 7 Oktoba

Simu yanikataa. Yataka neno la siri, nalitia, yasema lilibadilishwa jana. Barua pepe siingii. Picha sizioni hata moja.

Nimewapigia wa ukumbi. Hawasajili mtu. Hawakunipigia.

Nimekaa chini jikoni. Mie! Mie ninayehesabu chenji mara mbili pale Marikiti, hata kwa muuzaji niliyemzoea.

Jioni akaja Pendo. Msichana wa Kaloleni, huangalia kompyuta za kampuni moja bandarini. Harusi yake nilimpamba mimi. Kanieleza polepole, bila kunicheka. Namba ile ndiyo ufunguo wa kubadilishia neno la siri. Picha zangu zote hujihifadhi zenyewe kwenye akaunti ile ya barua pepe. Na majina ya simu pia. Maharusi ishirini na sita bila ushungi. Na kwa utaratibu wangu nimeandika kila kitu: "Swafiya Bi Harusi." "Salma Mamamkwe wa Swafiya." Nimempangia mwizi kabati.

Tumeomba akaunti irudishwe. Tungoje.

Jumatano, 8 Oktoba

Picha imeingia kutoka namba nisiyoijua. Swafiya, nywele mabegani, anacheka. Chini yake: elfu sitini kabla ya Ijumaa, la sivyo inakwenda kwa wakwe.

Nimempigia Pendo aje.

Miaka kumi na saba. Nilianza na kopo moja la hina na mkeka wa kuazima. Sikufundishwa na mtu, sikukopeshwa na mtu. Wanawake hunivulia ushungi kwa sababu kinachoonekana chumbani mwangu hakitoki. Hilo ndilo duka langu lote, sina jingine. Sasa mtu nisiyemjua kaniibia kwa simu moja. Namchukia. Sijui hata ana sura gani, na yeye anazo nyuso zetu zote.

Sitini elfu ninazo. Nilishaanza kubonyeza simu nimtumie. Pendo kanishika mkono. "Dada Tima, ukilipa atakurudishia nini? Yeye kanakili. Atabaki nazo." Kweli. Bidhaa gani hii, unailipia na muuzaji anabaki nayo?

Polisi wameandika, nimepewa namba ya OB, kile kitabu chao cha ripoti. Afisa kasema nisifute ujumbe hata mmoja.

Alasiri ujumbe mwingine: arobaini. Na sijamjibu neno. Anayejishushia bei kabla hajaombwa ana wasiwasi wake. Simpi hata shilingi.

Lakini sasa lazima Swafiya ajue.

Alhamisi, 9 Oktoba

Akaunti imerudi. Pendo kaweka neno jipya, kawatoa wote waliokuwa wameingia, kaongeza kufuli ya pili. Kilichokwisha kuchukuliwa kimechukuliwa.

Nimekwenda kwa kina Swafiya, Kibokoni. Niliyasema yote nimesimama, kabla sijaambiwa kaa.

Mamake, Bi Khuleta, hakunikawiza. "Tulikupa mtoto umpambe, wewe umemtembeza mji mzima!"

Ana haki.

"Mama, namba niliisoma mimi," Swafiya akasema.

"Na wewe nani kakuuliza?" Huku analia. Hofu yake naijua: wakwe wakiiona picha, harusi haipo. Kesho kutwa.

Nikashauri twende kwa mamamkwe wenyewe, kabla ya mwizi. Bi Khuleta kakataa katakata, kheri tunyamaze, huenda asitume. Swafiya ndiye aliyekata shauri. "Akisikia kwa mwizi, mimi nitakuwa nimemficha. Akisikia kwangu, nitakuwa nimeibiwa."

Mtoto wa miaka ishirini na mbili. Mie mwenyewe singeliwaza hilo.

Ijumaa, 10 Oktoba

Tulikwenda baada ya swala, Swafiya na mimi. Bi Salma anasifika kwa ukali. Watu humwamkia kwa mbali. Katukaribisha kahawa. Swafiya akaanza mwenyewe. Nikamalizia mimi.

Bi Salma akaweka kikombe chini. "Ilikuja jana asubuhi."

Swafiya akajiziba uso kwa ushungi.

"Sikumwonyesha mtu, wala mwanangu. Nikamwandikia huyo mwanaharamu: huyu ni binti yangu, wewe mamako yuko wapi? Nikamfungia asinipate tena." Akamgeukia Swafiya. "Nilikuwa nangoja kuona mtakuja au hamji. Mmekuja. Basi, futa machozi, harusi kesho. Na wewe Tima, nyusi ya kushoto umeipandisha mno. Mtoto kama ameshtuka!"

Swafiya akacheka huku kamasi zamtoka. Mie nikalia.

Njiani nikapiga hesabu. Jana asubuhi. Muda alionipa ulikuwa bado haujaisha. Hata ningelipa siku ya mwisho, ilikwisha kwenda.

Jumapili, 12 Oktoba

Harusi imekwisha salama. Nyusi niliishusha. Bi Khuleta kanipa mkono bila kunitazama. Mwizi kimya, hajakamatwa. Hili laniuma na litaendelea kuniuma.

Jumanne, 21 Oktoba

Walibaki ishirini na watano. Nimewafuata mmoja mmoja. Hakuna aliyetumiwa kitu mpaka sasa, lakini picha zao ziliko sikujui, na ni haki yao kujua. Nimewaambia akija mtu na vitisho wasilipe, waje kwangu, twende polisi pamoja. Na namba ya ujumbe haisomewi mtu, hata akikuamkia kwa adabu ya namna gani. Mimi sasa picha napiga kwa simu ya bi harusi mwenyewe, yangu inabaki mkobani.

Wengine walicheka. Wa Liwatoni kaniombea dua. Mmoja kaniuliza kama picha yake ilikuwa nzuri angalau.

Wa mwisho leo, Asha, nyuma ya Marikiti. Kanisikiliza kwa kusimama. Akafunga mlango.

Nilishindwa kuondoka. Nikakaa barazani kwake, buibui nimelikunja magotini. Wapita njia wakanisalimia, nikaitikia. Mikokoteni ikapita na viazi.

Baadaye mlango ukafunguka kidogo. Mkono ukatoa kikombe cha chai. Sikuambiwa karibu.

Nikainywa yote. Nikaweka kikombe kizingitini, nikaenda zangu.