Paji la uso la Rahma

Jumatano asubuhi, Malindi. Manyunyu tangu alfajiri.

Mniwie radhi, wiki tatu sijaandika kitu. Simu nilikuwa naishika, maneno sina. Mwanangu Rahma, wa miaka sita, alikuwa anangoja operesheni ya jicho, lile la makengeza.

Juzi amefanyiwa. Nshashusha pumzi.

Nianze na kosa langu. Asubuhi ile nilimkogesha, nikampaka mafuta ya nazi mpaka paji likang'aa, na juu yake doa la wanja kumkinga na jicho la hasidi. Nani anamtoa mtoto mbele za watu bila hivyo?

Mlangoni pa chumba cha operesheni, nesi akambandika utepe wenye waya kwenye paji. Ukateleza. Akabandika tena, ukateleza.

"Mama Rahma, umemleta kwetu au unampeleka harusini?"

Akafuta kwa spiriti, wanja ukaenda. Nilinuna. Nikamwambia wanamchukua mwanangu bila kinga.

Baadaye daktari wa usingizi alinieleza, naandika nilivyoelewa. Walipouvuta msuli wa jicho, moyo wa Rahma ukapunguza mwendo ghafla. Kumbe kwa watoto hutokea. Na ule utepe, unaosikiliza ubongo uliolala, ukaonesha mistari yake kwenye kioo inaanza kunyooka, yaani ubongo unazama mno usingizini. Wakauachia msuli. Wakapunguza dawa ya usingizi, wakampa sindano ya moyo. Moyo ukarudi, kisha mistari ikainuka taratibu.

"Tulikuwa tunauangalia ubongo wake muda wote, mama. Yuko salama."

Mwanangu hajijui, hanijui, na kichwani mwake kuna kitu kinaandika.

Subhanallah. Mimi niliyemzaa sijapata kukiona. Wao wamekiona, hapo hapo nilipoulilia wanja wangu.

Alipozinduka alishika paji. "Mama, nani kanifuta?"

Nikacheka mpaka nikalia.

Dada Zuhura, najua huko Chukwani unasoma humu, na umeuliza nini bado nnahitaji. Dawa ya matone, ile ile aliyoandika daktari, chupa moja. Pamba safi. Miwani myeusi ya kitoto, maana anasugua jicho nikigeuka tu. Mto mmoja mwembamba.

Na mafuta ya nazi, chupa ndogo. Paji nimesharudishiwa.