Gurudumu la Turbini Begini

Jumanne, Januari 2008, Kibera

Nimefika nyumbani na gurudumu likiwa zima. Bosi alifunga gereji ya Kawangware leo kwa kuogopa waporaji wa hizi ghasia za uchaguzi, akanipa mimi nilihifadhi. Ni la turbini, ile injini ya helikopta tunayofunga kwenye boti ya mbio ya mteja wa Naivasha. Likipotea, kazi ya miezi sita imekwisha.

Karibu na Kisumu Ndogo, hapa hapa Kibera, vijana walikuwa wamefunga njia kwa mawe. Mmoja mwenye panga akafungua begi langu, akagusa mabawa ya lile gurudumu.

"Hii ni silaha gani?"

"Ni ya injini ya boti." Niliomba wasidai kitambulisho, maana jina langu la Kikamba lingeniponza, tangu Mkamba mwenzetu ajiunge na serikali wanayoipinga.

"Wacha uongo. Mimi nimevua na buda, mzee wangu, ziwani. Injini ya boti haina kitu kama hii."

Nikamweleza kwamba hii haina pistoni. Hewa inabanwa, inachomwa na mafuta ya taa, na moto unazungusha gurudumu.

"Mafuta ya taa? Kama stovu mathe anayotupikia?" Wakacheka wote. "Na ikimeza maji?"

Nikakiri kwamba hilo ndilo linalotutesa.

Akafikiri kidogo. "Si mngeweka mdomo wa hewa juu, uangalie nyuma? Maji ya mawimbi hutoka mbele." Akalirudisha begini. "Pita, fundi."

Sasa hivi nimefuta mdomo wa mbele kwenye mchoro, nikauchora nyuma. Bosi akiuliza wazo limetoka wapi, sijui nitamwambia nini.