Wali wa Watu Watatu

Mama Athumani,

Huko uliko Mungu akupe raha, maana mimi huku nimechoka. Watoto wako chuoni kwa mwalimu wa Kurani, nyumba imenyamaza, nami naandika upesi kabla hawajarudi na njaa yao.

Neno langu la kwanza ni lawama, unisamehe. Miaka yote ile hukunionyesha hata siku moja unavyopika. Nikitia mguu jikoni ulinitoa: "Wewe ni mpishi wa watu. Hapa kwangu kaa ulishwe." Nikakaa, nikalishwa. Sasa umekwenda, na mtaa mzima wa Kuze unajua kwamba mtu anayepikia harusi ya watu mia tatu hawezi kulisha watoto wawili.

Nilianza kwa hesabu, kama unavyonijua. Mimi sikurithishwa kazi hii na baba wala mjomba. Nilikuwa nikiteka maji na kupasua kuni za wapishi wengine, huku nahesabu kimoyomoyo kila kinachoingia jikoni, mpaka nikapata majungu yangu mwenyewe. Hesabu ndiyo iliyonitoa. Basi ilipopita arubaini yako, na dada yangu aliyekuwa akitupikia akarudi kwake, nilichukua pilau ya watu mia tatu nikaigawanya kwa mia. Watu watatu: mimi, Athumani, Rukia. Karafuu ilitoka moja na nusu, nami nikaikata ile nusu kwa kisu. Hesabu ilikuwa sawa, wali haukuwa sawa. Jungu kubwa lina mvuke wake, hujipika lenyewe; kijisufuria cha watu watatu hakina subira, maji yalikauka mchele ungali mbichi. Athumani alitafuna kidogo akaniuliza, "Baba, huu ni wali ama ni kokoto?"

Na mchele wenyewe tangu hapo hauonekani. Vita vimeula. Watu wanajipanga madukani tangu alfajiri kungoja unga wa manjano, na harusi siku hizi ni kahawa na kipande cha halua, mambo yamekwisha. Ikitokea moja ya kupikwa, naja nyumbani na mabaki ya nyama kama zamani. Athumani hula. Rukia alikuwa akila akitapika. Dresa wa hospitali, yule mfunga vidonda, aliniambia, "Samli ya nini kwa tumbo hili? Mpe kunde, mpe mboga." Nikampa. Nilipika mwenyewe, nikamwekea. Hakugusa. Siku zikaenda, hagusi.

Mama yako akaja kutoka Kisauni, ng'ambo ya daraja. Alimshika mkono mtoto, akaupima kwa vidole vyake viwili, akaniambia, "Mwana yuwakonda huyu, nawe wamtazama tu. Ijumaa nakuja nimtwae."

Mikono ya mtoto imekuwa vijiti, uongo uko wapi? Lakini Rukia akitoka nyumba hii hatarudi, Mama Athumani. Atazoea huko, nami nitakuwa mgeni wa kumletea ndizi siku ya sikukuu. Wewe nimekwisha kukukosa. Na yeye tena?

Aliyenifumbua macho ni Athumani. Unajua kazini kwetu mtoto hasogei motoni. Kila penye majungu tunaweka mtu na fimbo ya kuwafukuza, maana maji ya moto si mchezo. Mimi nyumbani nikafanya vilevile, na kwa sauti ileile ya kazini: "Tokeni! Kando!" Wakawa wanakaa barazani wakingoja sinia kama wageni waalikwa. Basi Jumatano, upande wa Rukia wa sinia haujaguswa, Athumani akasema bila kuniangalia, "Mama alikuwa akimpa kazi."

Kazi gani?

"Kuchambua mchicha. Na kukamua nazi. Ndiyo anakula."

Hukuniambia hilo. Katika homa yako ulinitajia kanga za kumgawia huyu na yule, ulinitajia mpaka kuku wa jirani. Mchicha hukuutaja. Ningefanyaje mimi? Ningejuaje?

Alhamisi nikaenda nao sokoni. Rukia alichagua mafungu ya mchicha mwenyewe, akayabeba kifuani kama mwanasesere. Tulirudi, nikamtandikia jamvi, akachambua jani moja moja. Nina vijana kazini ambao kwa muda ule wangekuwa wamemaliza mbuzi mzima, na ngozi wameianika. Athumani alikaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, anakuna na kula, anakuna na kula. Kukamua ilikuwa kazi ya Rukia: tui mpaka viwikoni, jingine sakafuni. Nilitaka kupiga kelele, nikang'ata ulimi. Mimi kazi yangu ilikuwa kupepea makaa ya seredani. Kunde zilikuwa zimechemka tayari, tukazitia mchicha, tukazitia tui, basi. Hakuna samli, hakuna bizari. Chumvi nilimwachia yeye. Aliimimina kwanza kiganjani, akaiangalia, akairamba kidogo, ndipo akaitia. Nani alimfundisha? Najua nani.

Alikula. Si sana. Alikula kwa muhogo wa kuchemsha, huku akimwambia kakake, "Usinimalizie mchicha wangu." Nikatoka uani nikasimama kidogo.

Ijumaa mama yako akaja na kikapu cha kutilia nguo. Rukia akamtandikia mkeka, akamletea kunde za siku ile, naye ndiye aliyetia chumvi. Mama akamega, akaonja, akaniangalia mimi. "Haikukolea chumvi hii."

Kabla sijafungua mdomo, Rukia akamjibu. "Kwetu twala hivi, Nyanya."

Mama yako akamega tena, na tena, mpaka bakuli likaisha. Baada ya alasiri akavuka daraja peke yake, kikapu kitupu. Mlangoni aliniambia, "Ntakuja Ijumaa nyengine nimuone." Nimuone. Hakusema nimtwae. Nilisikiliza vizuri.

Sikwambii kwamba mambo yamenyooka. Mikono ingali vijiti. Kupika na watoto ni kuosha jikoni mara mbili, na chakula cha saa moja huchukua asubuhi nzima. Na lawama yangu kwako sijaifuta. Labda nitaifuta, lakini si leo. Ila binti yako yumo ndani ya nyumba hii, na kila siku anatia kitu tumboni alichokishika kwa mikono yake.

Pumzika, Mama Athumani. Sisi tutakuwa papa hapa, sote watatu, hiyo nakuahidi. Leo ni zamu ya Athumani kuchagua chakula. Ametaka bamia, naye anajua fika kwamba bamia sizipendi. Nitazila.